Sababu ya Kurudi

Mtaa mzima ulimwita Balozi, na mtu huyo hakuwa hata na pasipoti. Jina alipewa na dereva teksi mmoja mwenye mdomo, miaka mingi nyuma, likamganda asiweze kulivua. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ghorofa ya pili, mkabala na jengo la vioo walikopokelea maombi ya viza. Ndani mlikuwa na meza mbili, kompyuta inayokoroma, mashine ya kutoa kopi, na shuka jeupe lililotundikwa ukutani kwa ajili ya picha. Ukitaka kwenda kutalii nchi za watu, kabla hujavuka barabara kuingia kwenye vile vioo, ulipanda kwanza ngazi kwa Balozi.

Huko juu ulielezwa hali yako bila kufichwa. Pasipoti imebakiwa na miezi sita kabla haijaisha? Ina kurasa mbili tupu? Taarifa ya benki ni ya miezi mitatu au umekuja na ya mmoja ukidhani hawataona? Bima ya safari iko wapi, cheti cha homa ya manjano kiko wapi, tiketi ya kurudi mbona siioni? Kisha alikusimamisha mbele ya shuka, masikio nje, miwani mkononi.

"Umecheka. Tunarudia."

"Mzee Balozi, na kucheka nako ni kosa?"

"Utacheka ukifika, mwanangu. Hapa wanataka uso wa mtu aliyefiwa na jirani."

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ratiba. Kila mtalii sharti aonyeshe, siku baada ya siku, atalala wapi na atatazama nini, na wenzake wa mtaa ule walikuwa na ratiba moja wanayoigawa kwa kila mtu kama sare ya shule. Balozi aliona huo ni uvivu unaokaribia dhambi. Fundi saa alimpangia asubuhi nzima chini ya mnara wenye saa kubwa. Bibi mmoja muuza maua alimpangia bustani nne. Kulikuwa na mji mmoja hasa, mji wa mbali wenye ziwa, ambao alikuwa ameupangia watu wengi hivi kwamba aliujua kuliko barabara ya kwenda kununua sabuni. Alijua tramu namba tisa inasimama mbele ya duka la mikate. Alijua daraja lipi lina taa za zamani, na kwamba ukilivuka upande wa kushoto unaliona ziwa mapema.

Mchana, wateja walipopungua na jua likaliangukia lile shuka jeupe, ofisi ilikuwa ikimwondoka taratibu. Mashine ya kopi ilipoa nyuma yake. Yeye alishuka kwenye tramu, akainua kola ya koti asilokuwa nalo, akatembea. Hakuna aliyemwuliza karatasi. Aliweza kuzunguka huko nusu saa nzima, mpaka mtu agonge mlango akitaka kopi mbili za kitambulisho.

Mkewe alikuwa Mwalimu. Walikuwa na miaka thelathini na moja ya ndoa, na watu wa umri wao huitwa Mama Fulani na Baba Fulani kwa jina la mtoto wa kwanza. Kwao mtoto hakuja. Walingoja, wakapimwa, wakangoja tena, kisha mwaka mmoja, bila kuambizana, wakaacha kungoja. Basi yeye akabaki Mwalimu na mumewe akabaki Balozi, hata wakiwa chumbani.

Siku ilipoanza habari hii, Mwalimu alipanda ngazi saa nne asubuhi, akachukua namba ya foleni mlangoni kama mteja yeyote, akakaa kati ya wachumba wawili waliokuwa wakigombana juu ya picha. Balozi akadhani amesahau ufunguo wa nyumba. Alimwonyesha kwa jicho droo uliko ule wa akiba. Mwalimu akamwonyesha namba yake. Kumi na nne.

Zamu ilipofika, akakaa kwenye kiti cha mteja na kuweka begi magotini.

"Nimekuja kuomba viza," akasema.

Balozi akacheka. Mwenzake hakucheka. Akatoa pasipoti mpya, ngozi yake bado inanuka kiwanda, akaiweka mezani. Aliishughulikia peke yake, wiki ngapi sijui, na Balozi huyu, ambaye mji mzima ulimletea pasipoti zake, ndiye wa mwisho kujua.

"Unakwenda wapi?"

"Kwenye ule mji wako wa ziwa. Miaka thelathini na nne nimewachorea watoto wa watu ziwa linaloganda, nikawaambia watu wanatembea juu yake. Siku moja mtoto akaniuliza, 'Mwalimu, wewe umeliona?' Unajua nilimfanya nini? Nilimpa hesabu za ziada, mie mwalimu wa jiografia. Sasa nimestaafu. Nataka nilikanyage kabla miguu haijanikatalia."

"Huko una nani?"

"Sina mtu."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

"Kutembea, Balozi. Si ndiyo unayowaandikia wenzangu kila siku? Sababu ya safari, utalii."

"Mtembezi hula miguu yake."

"Itakuwa miguu yangu. Ya kwako iache." Akalainika kidogo. "Au twende wote."

Balozi akatikisa kichwa haraka, haraka kuliko ilivyofaa. Akaeleza kitaalamu. Mume na mke wasio na mtoto wakiomba pamoja, ofisa anaona watu wawili wamefunga mlango na kutupa ufunguo. Watarudi kwa nani? Mmoja lazima abaki rehani. Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na alikwisha kuwaambia wengi. Ila chini yake kulikuwa na jingine asilolisema. Aliogopa kufika kule akute tramu namba tisa haisimami mbele ya duka la mikate.

"Haya," alisema Mwalimu. "Basi nijazie."

Akajaza. Mkono ulijua kazi yake, jina hapa, tarehe pale. Ulipofika kwenye kile kipengele cha mambo yatakayomrudisha mwombaji nyumbani, ukasimama. Balozi alikuwa na orodha yake kichwani na kwa mara ya kwanza aliipitisha juu ya mkewe. Ajira, hana, amestaafu. Watoto, hakuna. Nyumba, ipo, kwa jina la mumewe, aliirithi kwa baba yake. Biashara, hana. Mume, mmoja. Na ni yeye mwenyewe, Balozi, aliyekuwa akiwaambia wateja, "Mume peke yake hatoshi, dada. Waume huachwa." Wateja walicheka kila mara. Sasa mzaha ule ulimrudia, na haukumchekesha hata kidogo. Kwa kanuni alizozisoma miaka ishirini na sita, mwanamke aliyekaa mbele yake hakuwa na mbele wala nyuma. Akipanda ndege, hakuna karatasi duniani inayosema atarudi.

Hofu hiyo ilimwingia siku ile na haikutoka.

Wiki mbili zilizofuata Mwalimu alikuja kila mchana kutengeneza ratiba, na ajabu ni kwamba zilikuwa wiki njema. Walikaa bega kwa bega mbele ya kompyuta, mlango wameurudisha, wakatembea. Balozi alimshusha kwenye tramu, akamwonyesha duka la mikate, akampitisha kwenye kichochoro chenye milango ya rangi rangi. Mwalimu hakuwa mtu wa kuburutwa.

"Mwezi huo jua la huko linazama saa kumi. Umeniacha gizani masaa mawili mazima."

"Kuna taa."

"Na hapa umeniweka bustanini. Katikati ya theluji nitatazama maua gani, Balozi?"

Akafuta bustani, akaweka jumba lenye ramani za kale. Mwalimu akasogeza kiti. Mashine ya kopi ilivuma peke yake pembeni, shuka jeupe likapumua kwa upepo wa dirishani, na wawili wale wakavuka daraja lenye taa za zamani upande wa kushoto. Kuna wakati Balozi aliapa kwamba alisikia soli za viatu vya mkewe kwenye mawe. Hawakuwa wamezungumza hivyo tangu miaka ile ya kungoja. Alifurahi, na kila alipofurahi alikumbuka kwamba ratiba ile ni ya mtu mmoja tu. Huko darajani Mwalimu alitangulia. Yeye alibaki ameshika ukingo.

Siku ya tano ilikuwa ya ziwa. Balozi akataka kupanga asubuhi hivi na mchana vile.

"Andika ziwa, basi," alisema Mwalimu.

"Ubalozi haupendi nafasi tupu."

"Mimi naipenda."

Kilichobaki ni barua ya mume. Anayebaki huandika kwamba anaijua safari, anairidhia, na kwamba mwenzake atarudi kwa sababu hizi na hizi. Balozi alikuwa nayo moja kwenye kompyuta, aliyoitunga zamani, na kwa kila mteja alibadilisha majina, tarehe na idadi ya watoto. Ratiba aliitolea jasho, lakini barua zile zilimchosha. Hii ya mkewe aliikimbia siku baada ya siku, akijitia hamnazo, mpaka asubuhi yenyewe ya mahojiano. Na asubuhi hiyo ngazi zilijaa watalii kumi na mmoja wa kikundi kimoja, kila mmoja na tatizo lake. Kinyozi hajinyoi. Akafungua barua ya mteja wa mwisho, fundi wa lifti ambaye mkewe alikwenda kutazama makumbusho. Akabadilisha jina, akabadilisha namba ya pasipoti, akabadilisha tarehe. Akachapa, akasaini, akagonga muhuri, akatia kwenye bahasha.

"Nenda, Mwalimu. Ujibu ulichoulizwa tu."

Alimtazama kutoka dirishani akivuka barabara na faili lake, mgongo umenyooka kama anaingia darasa la watundu. Vioo vikammeza.

Alirudi baada ya saa moja na nusu. Watalii kumi na mmoja walikwisha kuondoka. Akapanda ngazi polepole, akakaa kwenye kiti kilekile cha mteja, faili magotini.

"Wameniuliza watoto wetu wanaitwa nani," alisema.

Balozi hakuelewa. Alimkazia macho.

"Ofisa ni binti mdogo, ana adabu zake. Akasoma barua yako, akaisoma tena. Akaniambia, 'Mama, mumeo ameandika kwamba watoto wenu watatu wanakusubiri nyumbani. Kwenye fomu umeandika huna mtoto. Nikuamini wewe au nimwamini yeye?'"

Ndipo Balozi alipoelewa. Aliiona mistari ile yote mbele ya macho yake, barua ya fundi wa lifti, na katikati neno watatu, alilolipita kama mtu anavyopita jiwe la mlangoni kwake.

"Ukasemaje?"

"Nilitaka kumtajia." Mwalimu alitazama shuka jeupe. "Majina ninayo. Ninayo siku zote. Mdomo ulikwisha kufunguka, Balozi. Halafu nikaona nikiyatoa pale, kwa mtu anayebonyeza kompyuta, yatageuka uongo, na hayajapata kuwa uongo hata siku moja. Nikayameza. Nikamwambia hatuna, mume wangu amekosea. Naye akaniuliza, 'Mtu anakoseaje idadi ya watoto wake?'"

Hakuwa na machozi. Ingekuwa nafuu angekuwa nayo.

"Sasa nakuuliza mimi. Ulifanya makusudi?"

Balozi akaanza kueleza habari za fundi wa lifti, za kikundi cha watu kumi na mmoja, za barua iliyokuwa wazi.

"Nimekuuliza kitu kimoja."

Alitaka kusema hapana. Neno lilikuwepo, fupi, jepesi. Akalitafuta ndani yake akakuta limekaa jirani na ile hofu, na hakuweza kulichomoa peke yake.

"Sijui," akasema.

Mwalimu akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyepewa jibu sahihi na mwanafunzi asiyemtegemea. "Wamenipa siku tatu za kazi. Niwapelekee barua mpya, la sivyo wanafunga faili." Akainuka. Alipofika mlangoni Balozi akamwita.

"Majina gani?"

Alisimama, mkono kwenye kitasa. Kisha akayataja. Aliyataja moja moja, kwa sauti ile ya kuita mahudhurio asubuhi, na baada ya kila jina alinyamaza kidogo, muda wa mtoto kuitikia. La pili lilikuwa jina ambalo Balozi naye aliwahi kulichagua, mwaka ule wa hospitali, akalificha asimwambie mtu. Miaka yote hiyo wamelala kitanda kimoja na jina moja, kila mmoja upande wake. Mwalimu akashuka ngazi.

Sasa nisimtetee. Siku ya kwanza Balozi hakuandika chochote, na moyo wake ulifurahi. Siku tatu zikipita bila barua, faili litafungwa, mke atabaki, na hakuna atakayesema ni yeye. Ni masharti ya nchi za watu, ndivyo yalivyo, watu wangapi wamekataliwa? Furaha ilikuja mbele na aibu ikaifuata nyuma, na jioni vyote viwili vilikaa naye mezani. Mwalimu alipiga pasi nguo zake. Hakukumbusha, hakununa, hakuuliza. Alitandaza koti zito alilonunua mtumba, akalipiga brashi, akalitundika nyuma ya mlango. Balozi alilala akilitazama.

Siku ya pili alifungua barua ya zamani, akafuta watoto, na sentensi yote ikaanguka. Akaweka nyumba, ya kwake. Akaweka kazi, imekwisha. Mchana wateja walipopungua, akafumba macho akapanda tramu kama kawaida. Ikamshusha. Duka la mikate lilikuwa limefungwa, na barabarani hapakuwa na mtu hata mmoja. Akatembea hadi darajani, akavuka upande wa kushoto, na ziwa halikuwepo. Palikuwa na weupe mtupu kama lile shuka lake, hauna ukingo wala kina. Ndipo alipogundua kwamba kwa miaka yote ile hajawahi kumfikisha mtu ziwani. Ratiba zake zote ziliishia kuliona kwa mbali. Mwalimu ndiye pekee aliyetaka kulikanyaga, na yeye, mumewe, amekalia barua yake.

Akafumbua macho. Hakungoja kesho. Alizima kompyuta, akatafuta kalamu, akaandika kwa mkono.

"Kwa ofisa wa viza. Barua yangu ya kwanza ilikuwa na uongo, na uongo huo ni wangu, si wa mke wangu. Niliitoa kwenye barua ya mtu mwingine. Hatukujaliwa mtoto. Kazi yake imekwisha kwa heshima. Nyumba tunayokaa ina jina langu. Nimejaza fomu zenu miaka ishirini na sita na ninazijua: kwa fomu hizo mke wangu hana sababu ya kurudi. Mimi ni mume, na mimi mwenyewe huwaambia watu mume hatoshi. Sijui kama atarudi. Ninaogopa kwamba hatarudi. Akirudi, itakuwa kwa kupenda kwake, na kwa hilo siwezi kuleta kopi. Amewafundisha watoto wa watu juu ya ziwa lenu kwa miaka thelathini na nne. Naomba mumruhusu akalione."

Siku ya tatu asubuhi alivuka barabara mwenyewe. Hakuwahi kuingia jengo lile hata siku moja. Mlinzi, aliyemfahamu kwa kumtazama dirishani miaka yote, akapiga makofi.

"Balozi! Leo umekuja kituoni kwako!"

Binti wa dirishani alisoma akiwa ameinamisha kichwa. Alipomaliza, akarudia mwanzo.

"Mzee wangu, barua hii inamsaidia mama au inamwangusha?"

"Sijui, mwanangu. Ila ni ya kweli."

"Mwenyewe umemwuliza kama atarudi?"

"Hapana."

Binti akamtazama, akagonga muhuri wa kupokea.

Viza ilitoka siku ya nane, ya siku kumi na mbili kamili, bila hata moja ya nyongeza. Mwalimu aliusoma ukurasa ule mara mbili, akamshika mumewe bega, akaenda kufunga sanduku. Nyumbani Balozi alitaka kumwuliza, akauliza kama amechukua soksi za kutosha. Uwanja wa ndege alitaka kumwuliza, mdomo ukajaa maagizo: onyesha kwanza tiketi ya kurudi, bima weka juu, wakikuuliza unafikia wapi usifikiri, taja hoteli. Abiria wenye tiketi peke yao ndio walioruhusiwa kupita. Mwalimu akapita. Koti lake zito likaonekana mara mbili kati ya migongo ya watu, halafu basi.

Balozi alirudi ofisini na ratiba mfukoni. Siku ya kwanza alimshusha kwenye tramu. Ya pili akamtembeza jumba la ramani. Ujumbe uliokuja ulikuwa mfupi, nimefika salama, baridi ni kali, chakula kipo. Usiku alikaa upande wake wa kitanda bila kuvuka katikati. Ya tatu, ya nne. Alipoteza picha ya mteja, akakata nyingine vibaya. Mtu akimwuliza Mwalimu anaendeleaje, alijibu vizuri sana, akageukia mashine ya kopi.

Siku ya tano mchana alikuwa na mteja mezani, mama muuza vitambaa, wamefika kwenye kile kipengele cha mambo yatakayomrudisha nyumbani. Simu ikalia.

"Balozi. Tramu namba tisa haisimami kwenye duka la mikate."

Alishika meza. "Inasimama wapi?"

"Mbele kidogo, kwenye duka la dawa. Nimerudi kwa miguu nikanunua mkate hata hivyo." Nyuma ya sauti yake palikuwa na upepo mkubwa, na chini ya upepo kitu kinachokwaruza, taratibu, hatua baada ya hatua. "Unasikia? Ndiyo miguu yangu. Niko juu yake."

Balozi akasikiliza. Ofisi ikaanza kumwondoka, shuka, mashine, mama wa vitambaa na kalamu yake. Weupe ukatanda pande zote, safari hii ukiwa na hatua za mtu ndani yake. Alizifuata mpaka zikasimama. Akapiga moyo konde.

"Mwalimu," alisema. "Utarudi?"

Upepo ulivuma muda mrefu.

"Wiki zote hizi," Mwalimu alisema, "ndiyo kwanza unaniuliza."

"Nilikuwa naogopa jibu."

"Nilijua. Hata mimi nilikuwa silijui bado. Nimekuja hapa ili nilijue." Akapumua, na pumzi yake ikasikika ikitetemeka kwa baridi. "Hapa katikati hakuna mtu. Kimya chake sijawahi kukisikia, na chini ya barafu kuna mwanga wa kijani ambao kitabu chetu hakikuutaja. Ningeweza kukaa, Balozi. Nakwambia kweli, ningeweza. Lakini tangu asubuhi kila ninachokiona nageuka kukwambia, na wewe haupo. Kwenye simu hayaenei haya. Nitarudi nikae karibu yako nikuhadithie, toka mwanzo, polepole."

Balozi aliitikia kwa kichwa, kana kwamba anaonekana.

Mama wa vitambaa aliweka kalamu chini, akauliza kwa sauti ndogo kama aje kesho. Balozi alifuta macho kwa mkono wa shati, simu ingali sikioni, akamwomba asubiri kidogo.